Uzi wa emoji kwa kibodi: acheni kukopi na kupesti, vitufe vipo

Nuktamkato · mwanzisha uzi

Wakuu, habari zenu.

Naona wengi wanaochati kwa kompyuta bado wanafungua tovuti nyingine, wanatafuta emoji, wanakopi, wanarudi, wanapesti. Wengine wanashika kipanya, wanabofya kile kiuso kilichoko pembeni ya sanduku la kuandikia, wanashuka, wanashuka, wanapita wanyama na magari, hadi anayechati nao ameshahamia mada nyingine. Hakuna haja. Mifumo mikubwa yote ya kompyuta ina vitufe vyake vya kuita emoji, na vinafanya kazi karibu popote ambapo kishale kinapepesa.

Nianze na Windows maana ndiyo yenye watu wengi. Shikilia kitufe cha Windows, kile chenye nembo ya dirisha, halafu gusa nukta. Kitafunguka kidirisha cha emoji. Usikimbilie kipanya: hapohapo anza kuandika jina la unachokitaka, mfano fire au heart, na orodha itajichuja yenyewe. Mishale inakutembeza, Enter inaweka, Esc inafunga. Kama kibodi yako ina nukta mahali pa ajabu, Windows na nuktamkato inafanya kazi ileile (jina langu humu limetoka hapo).

Kidirisha hiki kilikuja na sasisho la Windows 10 la Oktoba 2017, na mwanzoni kilikubali kibodi ya Kiingereza cha Marekani peke yake. Ndiyo maana kuna watu walijaribu wakati ule kikagoma, wakaamini hadi leo kwamba kwao hakifanyi kazi. Jaribuni tena. Siku hizi ndani yake kuna pia alama za hesabu na za fedha, na zile sura za Kijapani zinazochorwa kwa herufi, kama hii ya kupindua meza: (╯°□°)╯︵ ┻━┻. Windows 11 imeongeza hata GIF.

Mac: Control, Command na Space kwa pamoja. Kama yako ina kitufe chenye picha ya tufe la dunia, kilekile cha fn, kuna fupi zaidi: fn na E. Chromebook ni Shift na Space huku umeshikilia kitufe cha kutafutia. Linux inategemea mazingira, yaani sura ya kompyuta unayotumia, kama KDE Plasma au GNOME. Wa KDE Plasma wana raha tangu toleo la 5.18 la mwaka 2020: kitufe cha Meta (kilekile cha Windows) na nukta. Wa GNOME jaribuni Ctrl na nukta ndani ya sanduku la kuandikia. Na kuna ya wakongwe isiyohitaji kidirisha: Ctrl+Shift+U, inatokea herufi u yenye mstari chini, unaandika 1f602, unagonga Space, 😂 hiyo hapo.

Hayo ni ya mfumo wenyewe. Programu za kuchatia nazo zina mtindo wao. Slack, Discord, GitHub, Telegram ya kompyuta, WhatsApp ya kwenye kivinjari: andika nukta pacha, fuatisha herufi mbili tatu za jina, mapendekezo yatatokea na utachagua kwa Enter. Kwa Slack na Discord :joy: ni 😂, :sob: ni 😭, :pray: ni 🙏, :tada: ni 🎉, :+1: ni 👍. Slack ina uchawi mwingine ambao wengi hawaujui: andika +:tada: kama ujumbe, tuma, na badala ya kwenda kama ujumbe itajibandika kama hisia yako chini ya ujumbe wa mwisho wa mwenzako.

Sasa msimamo wangu, na najua watakaobisha wapo: msikariri orodha. Mtandaoni kuna majedwali ya misimbo mamia kwa mamia. Mtu anapakua, anabandika ukutani, baada ya muda anakumbuka :joy: na :heart: basi. Angalia kwenye simu yako zile emoji ulizotumia karibuni; utakuta ni zilezile chache zinazunguka. Kwa hizo chache, tengeneza vifupi vyako mwenyewe, yaani neno fupi unaloandika likageuka emoji, kwa maneno unayoyafikiria unapocheka au unapopongeza. Kwa nyingine zote kidirisha kinatosha. Namna ya kutengeneza naiweka chini nikishapata nafasi ya kukaa.

---

Kasa Anapepesa

Asante mkuu, nyumbani imekubali. Ila kompyuta ya kazini nabonyeza Windows na nukta kwa pamoja, kimya. Hata kidirisha hakitokei. Tatizo nini?

---

Nuktamkato

Kwanza mpangilio wa vidole. Usibonyeze kwa pamoja. Shikilia Windows, gusa nukta mara moja, achia. Ukitangulia nukta hata kidogo, mashine inaona nukta tu.

Pili, hakikisha kishale kipo ndani ya sehemu ya kuandikia. Kidirisha kinaweza kufunguka na emoji isiende popote kwa sababu hujabofya sanduku.

Tatu, angalia kama ni Windows 7 au 8.1. Huko njia hii haikuwepo kabisa. Kwenye 8.1 unaweza kufungua kibodi ya kugusa na kukuta emoji humo, ila ni kipanya tena.

Kama ni 10 au 11 na bado kimya, fungua Task Manager utazame kama ctfmon.exe inaendesha. Hiyo ndiyo inayobeba mambo ya uandishi. Ikizimika, kidirisha nacho hakifunguki. Na kwa kuwa ni mashine ya kazini, inawezekana waliosimamia wamekifunga makusudi. Hapo muulize fundi wenu, usihangaike peke yako.

---

Mzee wa Alt

Vijana mnazunguka mbuyu. Kitufe cha Alt kipo tangu enzi. Shikilia Alt, andika 1 kwenye namba za upande wa kulia, achia: ☺. Alt 2: ☻. Alt 3: ♥. Alt 4, 5 na 6 zinakupa almasi, ua na shupaza za karata. Alt 13 na 14 ni noti za muziki ♪ ♫. Hakuna kidirisha, hakuna intaneti, hakuna kusubiri. Zilikuwemo kwenye IBM PC ya mwaka 1981, wengi wenu hamjazaliwa.

---

Nuktamkato

Shikamoo mzee. Alt 3 naitumia hadi leo, ni ya haraka kuliko zote. Ila wasomaji wajue mambo mawili. Lazima ziwe zile namba za pembeni, na Num Lock iwe imewaka. Namba za juu ya herufi hazifanyi kazi, na kompyuta nyingi ndogo hazina hizo za pembeni. Halafu ♥ hiyo si ❤️ ya kwenye simu. Ni alama ya karata, namba yake U+2665, na ya simu ni U+2764. Kuna programu zitaipaka rangi, kuna zitakazoiacha nyeusi kama wino.

Mwenye kupenda misimbo na anayetumia Word, kuna inayofika mbali kuliko Alt ya mzee: andika 1F525 kisha Alt na X, inageuka 🔥. 1F64F ni 🙏, 1F44D ni 👍. Msimbo usigusane na tarakimu nyingine iliyotangulia, maana Word itazimeza zote kwa pamoja na kukupa kitu kingine kabisa.

---

Herufi Pweke

Wakuu naomba msaada, labda linahusiana. Kuna mtu ananiandikia barua pepe za kikazi na mwisho wa sentensi anaweka J. "Tutaonana kesho J". "Kazi nzuri J". Jina lake halianzi na J. Nimeona aibu kumuuliza.

---

Fundi Fonti

😂😂 Hiyo J ni tabasamu.

Yeye aliandika :) na programu yake ya barua pepe ikaibadilisha yenyewe kuwa uso unaocheka. Lakini haikuweka emoji ya kweli. Iliweka herufi J na kuivalisha fonti ya Wingdings, ambayo badala ya herufi ina vipicha. Mahali pa J kuna uso unaotabasamu. Kwake anaona uso. Kwako, programu yako imepuuza fonti hiyo au unasoma kwa maandishi matupu, na J imebaki mtupu. Siku akiwa na huzuni utaona L. Akiwa hana la kusema utaona K.

Wingdings ni ya mwaka 1990, wakati emoji hazijaingia Unicode, ile orodha ya dunia nzima inayoipa kila herufi na alama namba yake. Zimeingia kwa wingi Oktoba 2010 na Unicode 6.0, na tangu hapo uso una namba yake yenyewe, hauhitaji kuazima herufi ya mtu. Emoji halisi ikitumwa, anayepokea anapata namba ileile na kifaa chake kinaichora kwa fonti yake: Segoe UI Emoji kwenye Windows, Apple Color Emoji kwenye Mac na iPhone, Noto Color Emoji kwenye simu nyingi za Android.

Kwa hiyo mwambie mwenzako atumie Windows na nukta badala ya kutegemea ubadilishaji wa yenyewe. Au umjibu kwa J naye acheke.

---

Herufi Pweke

Aisee! Muda wote nilidhani ni kifupi cha cheo fulani. Nimemjibu "Asante J".

---

Nane na Mabano

Mimi nina kinyume cha hilo. Sitaki emoji, zinakuja zenyewe. Nikiandika "tazama kifungu cha 7 na 8)" inageuka mtu amevaa miwani ya jua 😎. Kwenye mkataba!

---

Fundi Fonti

Ikigeuka tu, kabla hujaandika kingine, gonga Ctrl na Z. Kwa programu nyingi hiyo inarudisha ulichoandika na kuacha maandishi mengine kama yalivyo. Kuizima moja kwa moja ni kwenye mipangilio: Slack na Discord zote zina swichi ya kubadilisha alama kuwa emoji, kwenye Word ni ndani ya AutoCorrect, unafuta mstari unaokuudhi.

Ukiwa kazini na unaandika namba zenye mabano kila siku, izime leo. Ubadilishaji wa yenyewe unakisia unachotaka na hukisia vibaya. Kitufe hakikisii, unakiita wewe.

---

Mbishi wa Kipanya

Sijaona sababu ya kujifunza yote haya. Kiuso kipo pembeni, nakibofya. Na zaidi ya hapo, mtu akiwa na maneno hahitaji vikatuni.

---

Nuktamkato

La kwanza ni haki yako mkuu, hakuna anayekushika mkono. Kwa anayeandika ujumbe mmoja kwa saa, kipanya hakina ubaya. Tatizo ni kwa anayejibu watu siku nzima. Kuondoa mkono kwenye herufi, kushika kipanya, kutafuta, kurudi, kunakata alichokuwa anafikiria.

La pili, maneno ya kwenye skrini hayana sauti wala uso. Ndiyo maana Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, tarehe 19 Septemba 1982, alipendekeza :-) kwa utani na :-( kwa yasiyo ya utani, kwenye ubao wa ujumbe wa chuo. Watu walikuwa wanashindwa kujua nani anatania. Ukitazama vizuri, hiyo nayo ilikuwa ni njia ya kibodi: nukta pacha, kistari, mabano. Picha zimekuja baadaye. Zile 176 za Shigetaka Kurita kwa NTT DoCoMo huko Japani, mwaka 1999, zilikuwa na ukubwa wa nukta 12 kwa 12.

"Umechelewa" na "Umechelewa 😂" ni barua mbili tofauti.

---

Mbishi wa Kipanya

Hapo mwisho nakubali. Kipanya siachi.

---

Nuktamkato

Haya, niliahidi vifupi vya kujitengenezea. Someni taratibu.

Kwenye Mac na iPhone haihitaji programu ya nje. iPhone: Settings, General, Keyboard, Text Replacement. Mac: mipangilio ya mfumo, Keyboard, Text Replacements. Upande mmoja unaweka kifupi, upande mwingine emoji. Ukiwa umeingia akaunti moja ya iCloud, ulichoweka kwenye simu kinatokea kwenye Mac.

Windows na Linux, mimi napendekeza espanso, programu inayogeuza kifupi kuwa unachokitaka. Ni ya bure, inafanya kazi hata kwenye Mac, na vifupi vyake vinakaa kwenye faili la maandishi linaloitwa base.yml ambalo unaweza kulibeba popote:

matches:
  - trigger: ";cheka"
    replace: "😂"
  - trigger: ";hongera"
    replace: "🎉"
  - trigger: ";shukrani"
    replace: "🙏"

Angalieni nafasi za mwanzo wa mstari, zikipishana linakataa kusoma. Wa Linux wanaotumia Wayland (mfumo wa kuchora madirisha kwenye skrini) wachukue toleo lililotengenezwa kwa ajili ya Wayland. Wapenzi wa AutoHotkey, programu nyingine ya vifupi kwenye Windows, mstari mmoja unatosha: `:*:;cheka::😂`. Nyota hiyo inamaanisha isisubiri ugonge Space.

Sasa kwa nini nuktamkato mbele? Hili ndilo la muhimu kuliko yote niliyoandika. Kifupi kisichokuwa na alama mbele kitakuvamia. Weka "moto" iwe 🔥, halafu siku moja uandike "maji ya moto" na "mtoto ana joto" uone. "Maji ya 🔥" itakuja mara moja. Na "mtoto"? Hiyo itapona, kwa sababu ina herufi t katikati. Lakini "motoni", kwa espanso ilivyo bila kuambiwa isubiri mwisho wa neno, inakuwa "🔥ni". Kiswahili chetu kinapachika viambishi mbele na nyuma ya kila kitu, kwa hiyo neno tupu kama kifupi ni hatari kwetu kuliko kwa lugha ambazo neno linasimama peke yake. Hakuna neno linaloanza kwa nuktamkato. Mkwaju (/) nao unafaa, ila kwenye Slack na Discord mkwaju mwanzoni mwa ujumbe unaita amri. Nukta pacha itagombana na misimbo ya programu hizohizo. Nimezunguka kote, nimerudi kwenye nuktamkato.

Pia kifupi kimoja kisiwe mwanzo wa kingine. Ukiwa na ;cheka na ;chekasana, cha pili hutakifikia kamwe; cha kwanza kitalipuka ukiwa njiani.

---

Dada Kiunzi

Kaka hili la viambishi umeligusa penyewe. Nimetumia programu za aina hii kwa saini na anwani, sikuwahi kufikiria emoji. Swali: nikitaka 👍 yenye rangi ya ngozi yangu, kila mara nitachagua?

---

Nuktamkato

Hapana dada, unaipesti ikiwa na rangi yake tayari kwenye sehemu ya replace: "👍🏿" badala ya "👍". Inakaa hivyo milele. Rangi hizo tano ziliingia Unicode 8.0 mwaka 2015, na ni alama inayojitegemea inayofuata mkono; ndiyo maana mara nyingine kwenye kifaa cha zamani unaona mkono wa njano na kijisanduku cha rangi kando yake. Slack unaweza kuandika :+1::skin-tone-6: lakini ni ndefu kupita kiasi, weka rangi ya kudumu kwenye mipangilio yake uachane nayo.

---

Sikio Langu

Naomba niongeze la upande wetu. Mimi sioni, nasoma kwa programu inayosoma skrini kwa sauti. Kwenye kompyuta natumia NVDA.

Hivi vitufe kwetu ni mlango. Kile kiuso cha kubofya ni gridi ya picha, kukipata kwa Tab ni safari. Windows na nukta, nikaandika jina, nikasikia jina likisomwa, Enter. Nukta pacha kwenye Slack vilevile. Na vifupi vya Nuktamkato ndivyo bora zaidi, maana nikiandika ;cheka najua kilichowekwa bila hata kusikiliza.

Lakini mnapoandika, kumbukeni tunavyopokea. Emoji kila moja inasomwa kwa jina lake kamili. Ukiweka 😂 moja, nasikia maelezo ya uso unaolia machozi ya furaha, nacheka na wewe. Ukizipanga kumi, baadhi ya programu zinanisomea maelezo hayo mara kumi. Mtindo wa kuweka 👏 kati 👏 ya 👏 kila 👏 neno ndio mbaya kuliko yote, sentensi inapotea kabisa. Na emoji iwe mwisho wa sentensi, isichukue nafasi ya neno katikati. "Nitaleta 🚗 saa kumi" unaweza kuelewa kwa macho. Kwa sikio, jina la emoji linakuja refu kuliko sentensi.

Na ile ya kupindua meza aliyoiweka mwanzisha uzi ilisomwa kama mabano, digrii, mraba, na vingine sikuvielewa. Kwa sura za herufi, heri emoji.

---

Nuktamkato

Asante sana. Kwenye base.yml yangu nilikuwa na ;kofi inayotoa 👏👏👏👏👏. Naibakisha moja.

---

Mpeperusha Bendera

Kwenye Windows nikiweka bendera ya Ufaransa naona herufi FR tu. Mwenzangu kwenye simu anaona bendera. Kibodi yangu mbovu?

---

Fundi Fonti

Nzima. Emoji ya bendera ya nchi ni herufi mbili maalumu zikikaa pamoja, F na R kwa Ufaransa, na fonti inatakiwa izione na kuchora bendera. Fonti ya emoji ya Windows haina bendera za nchi, kwa hiyo inakuonyesha herufi zenyewe. Ukituma, inakwenda salama. Mwenye simu anaona bendera. Firefox inabeba fonti yake ya emoji, ndiyo maana ndani yake unaweza kuziona ukiwa Windows hiyohiyo.

Familia nazo zimejengwa hivyo: mtu, kiungo kisichoonekana chenye namba U+200D, mtu, kiungo, mtoto. Kwenye baadhi ya programu ukigonga Backspace inafuta mmojammoja, baba anabaki peke yake 👨.

Na kwa kuwa inatumwa namba, picha inaweza kubadilika mikononi mwa mpokeaji. Bastola, U+1F52B, Apple waliigeuza kuwa ya maji mwaka 2016, kampuni nyingine kubwa zikafuata mwaka 2018. Katikati ya hapo mtu alituma mchezo wa watoto na mwenzake akapokea silaha. Kijisanduku kitupu □ maana yake fonti ya mpokeaji haiijui namba hiyo kabisa, kwa kawaida ni emoji mpya kwenye kifaa ambacho hakijasasishwa.

---

Niko Kwa Simu

Wote mnaongelea kompyuta. Android je?

---

Dada Kiunzi

Gboard ina kamusi binafsi. Mipangilio ya Gboard, Dictionary, Personal dictionary, chagua lugha, alama ya kujumlisha. Sehemu ya neno weka emoji, sehemu ya shortcut weka kifupi, mfano chk. Tofauti na iPhone: haibadilishi yenyewe, inakuletea emoji kwenye mstari wa mapendekezo juu ya herufi, unaigusa. Kwa hiyo huku hata neno tupu halina hatari aliyoisema Nuktamkato.

---

Niko Kwa Simu

Imekubali. Na hizi emoji kwenye SMS za kawaida zina madhara? Nimewahi kuona meseji yangu moja fupi imehesabiwa kama mbili.

---

Fundi Fonti

Ndiyo. SMS ya herufi za kawaida inabeba hadi 160. Ukiweka emoji hata moja, ujumbe wote unahamia usimbaji mwingine na nafasi zinashuka hadi 70, na 😂 yenyewe inakula mbili. Meseji ya herufi 100 iliyokuwa moja inakuwa mbili kwa sababu ya kicheko kimoja. WhatsApp, Telegram na wenzake zinapita kwenye intaneti, hesabu hiyo haiwahusu.

---

Kasa Anapepesa

Nimerudi. Ya kazini ilikuwa imefungwa na wasimamizi, wamefungua. Nimeweka na espanso nyumbani. Vya kwangu: ;lia 😭, ;macho 👀, ;sawa 👌, ;bado ⏳.

---

Mzee wa Alt

Nimejaribu hiyo 1F602 na Alt X kwenye Word. Si mbaya. ;sawa mimi ningeweka 👍, ile ya vidole kuzunguka kuna nchi ni tusi.

---

Kasa Anapepesa

Shikamoo mzee, nimebadilisha. Faili nitaliweka hapa jioni, mwenye kulitaka alichukue, ila ;kofi nimeacha moja kama alivyosema Sikio Langu.

---

Sikio Langu

Nalisubiri. Ukiweka, liandike kama maandishi, usipige picha ya skrini.